Jeli ya Ndimu Katika Nyumba ya Eda

Kwa aliyekosa wiki iliyopita, nimsogeze kidogo. Mimi ndiye Mwanakheir niliyeachwa na Sleiman. Talaka moja, kaitamka ukumbini mbele ya mama yake, kisa nilikataa binti yetu Khawla apelekwe Maskati akalelewe na shangazi yake.

Nilitaka siku ile ile nifunge mizigo nirudi Bububu, kwenye kijumba alichoniachia marehemu baba. Sheikh Matar wa msikiti wetu akanizuia. Akasema mwanamke wa talaka moja hukaa eda nyumbani kwa mumewe mpaka aione damu ya tatu. Kabla ya hapo, mume akitaka humrejea kwa neno tu. Damu ya tatu ikija, basi, eda imekwisha, kila mtu na njia yake, na mtoto mdogo hubaki na mama.

Nikakaa. Nyumba yenyewe ya Mji Mkongwe, kuta nene, ngazi za giza, mimi juu na mama mkwe chini. Bi Thuwaiba. Nikikohoa anauliza nakohoa nini.

Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nikawa nangoja ya tatu kwa hamu ambayo sijapata kungojea mgeni yeyote duniani, na hapo ndipo balaa la jeli liliponiingilia.

"Mwana! We Mwana!"

"Naam!"

Ni Bi Lilavati, jirani yangu wa nyumba ya mkabala. Kichochoro chetu chembamba, dirisha lake na langu tunaweza kupeana chumvi bila ya mtu kushuka ngazi.

"Mitali, binti yangu, anavishwa pete Ijumaa. Anataka zile jeli za hoteli. Za koktaili. Kaona kwenye simu, hataki kusikia kitu chengine."

"Bi Lila, mimi niko eda, siko hoteli."

"Kwani eda inakukataza kukamua machungwa?"

Haikatazi. Nikacheka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Kabla ya kuolewa nilifanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Nungwi, upande wa vitamu. Wageni wakinywa koktaili zao ufukweni, na sisi tukiwatengenezea jeli za ladha zile zile, zimemiminwa ndani ya maganda ya machungwa. Zile za hoteli zikitiwa pombe. Mimi nikazichukua kichwani, pombe nikaiacha huko huko Nungwi. Ya mohito inabaki ndimu, nanaa na soda. Ya margarita inabaki ndimu na maji ya chungwa, juu unaipaka chumvi na sukari. Na ile ya rangi mbili, chini nyekundu ya komamanga, juu chungwa tupu.

Tabu ni moja. Ukiitoa pombe inakuwa juisi ya watoto. Lazima utie kitu kitakachomuunguza mtu koo, ajue kala kitu. Dawa yake niliivumbua mwenyewe, tangawizi mbichi na karafuu za Kidichi, unazichemsha na sukari mpaka zitoke ukali wote. Kumbukeni hilo la kuunguza koo, maana ndilo lililoniponza.

Bi Lila akanipitishia dirishani kapu zima, ndimu, machungwa, chenza, na balungi mbili kubwa. Na chaina grasi ya kugandishia, pakiti zake mwenyewe. Wao hawali nyama, basi jeli ya mifupa ya mnyama haingii nyumba ile. Na mimi ndivyo nitakavyo, maana ile ya mifupa hujui mnyama gani.

Nikapanda jiko la darini na Khawla wangu. Nikaweka sufuria.

Haukupita muda nikasikia kandambili kwenye ngazi.

"Unapika nini?"

"Shikamoo, mama."

"Nimekuuliza unapika nini, sikukuuliza shikamoo."

"Jeli. Ya posa ya Mitali."

"Mwanamke kaachwa, anapikia wenzake posa! Huna hata haya." Kaegemea mlango, kashika kiuno. "Mtoto ndiye unamfundisha haya? Akikua naye aachwe, akae darini anakamua ndimu?"

"Mama, mtoto yupo anasikia."

"Asikie! Kwa shangazi yake Maskati angesikia maneno ya watu wenye adabu."

Damu ikanichemka. Na mtu akipika na hasira hapiki, anaharibu. Chaina grasi bado inatokota motoni, mimi nikamwaga maji yote ya ndimu mle mle, nikaacha vichemke pamoja. Kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza! Ndimu kali ikichemshwa na chaina grasi huikata nguvu. Nikamimina magandani, nikangoja, nikangoja tena. Uji. Maganda yote uji mtupu.

Bi Thuwaiba akatia kidole katika ganda moja, akakitoa kinachuruzika.

"Hata hii imekushinda," akasema. Akashuka zake, raha imemjaa.

Jamani, nililia. Silii ndimu. Nilikuwa nshajipangia maisha, mimi na Khawla Bububu, kibao mlangoni, watu wa harusi wakinijia kwa jeli. Nikaona na hilo nalo limemwagika.

Khawla akanifuta uso kwa ushungi wangu. "Mama, tufanye tena. Mara hii mimi ntamzuia bibi ngazini."

Tukafanya tena. Mara hii chaina grasi kwa maji peke yake, mpaka ikayeyuka isionekane hata uzi. Nikaitia sukari yangu ya tangawizi na karafuu, nikaepua. Mvuke ulipopungua ndipo nikaingiza maji ya ndimu, nikikoroga taratibu. Maganda nikayakalisha kwenye vikombe vya kahawa yasipinduke. Ya balungi nikayaacha makubwa, ya kugawana. Mwisho kabisa nikatia soda kwenye ya mohito, na povu likapanda mpaka ukingoni.

Na Bi Thuwaiba akaingia na povu.

"Ala! Inachacha!"

"Soda hiyo, mama."

"Soda gani inayopanda namna hii? Mie mtoto?" Akainama, akanusa. Karafuu ikampiga pua. Akachukua ganda moja nililotangulia kulimimina, la margarita, lilikuwa lishashika vizuri linatikisika, akalitia mdomoni kabla sijamzuia. Tangawizi ikamkamata koo. Akakohoa mpaka macho yakamtoka machozi.

"Pombe!" akasema. "Toba yarabi! Kanilisha pombe!"

"Mama, ni tangawizi!"

"Tangawizi ya jina la pombe? Si mmesema wenyewe koktaili? Nimekusikia dirishani na yule Muhindi wako!" Akamgeukia Khawla, mwanangu kashika mwiko anaulamba. Akampokonya. "Na mtoto kanyweshwa! Basi vizuri. Vizuri sana. Wewe ngoja hapo hapo."

Nikamwambia, "Nenda kamwite umtakaye."

Nilijipalia makaa kwa mkono wangu. Maana akenda kweli.

Wakaja baada ya asri, jua lishateremka. Sheikh Matar mbele, wazee wawili wa msikitini nyuma yake, na Sleiman. Sikumwona Sleiman tangu anitamkie. Kanzu nyeupe pe, kanawiri kama aliyetoka fungate, hana habari kama kuna mtu kamwacha juu ya dari.

Nikajifunga ushungi, nikashuka ukumbini na sinia la jeli. Bi Lila naye akavuka kichochoro bila kualikwa, akasimama mlangoni na sari yake kaikunja mkononi.

Bi Thuwaiba hakungoja watu wakae.

"Sheikh, huyu anapika pombe nyumbani mwangu. Iko mbele yako hiyo. Anamlisha mtoto wetu, halafu kesho atoke eda achukue mtoto akamlee na pombe zake? Mimi nataka neno leo. Mama mlevi hana haki ya kulea."

Ndio nikajua hasa wamekuja kwa nini. Si jeli. Ni Khawla. Akinitia doa la pombe mbele ya sheikh na mashahidi, mtoto anakwenda Maskati na mimi nabaki nikipiga kelele kichochoroni.

"Mwanakheir," Sheikh Matar akasema, "ndani mna nini?"

Nikamtajia kimoja kimoja. Ndimu, chungwa, nanaa, sukari, tangawizi, karafuu, soda.

"Na kilichoigandisha? Isiwe ya nguruwe."

"Chaina grasi, sheikh. Inatokana na mwani."

Bi Lila akadakia mlangoni. "Nimeitoa mimi kabatini kwangu. Sisi hata yai hatuli, sheikh, ntaweka nguruwe?"

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Jina lake ndilo baya," akasema Bi Thuwaiba. "Koktaili!"

"Jina halileweshi," Sheikh Matar akajibu. "Lakini ungelibadilisha, Mwanakheir, ungetuokoa na safari ya ngazi hizi."

Nikachukua ganda mbele yao, nikala lote. Nikachukua la pili. "Haya, nikodoleeni macho," nikawaambia. "Nitakapoanza kuyumba mnambie."

Nilikuwa na hasira, nakiri, na hasira ikanipa mdomo.

Hapo Sleiman akanyoosha mkono. "Lete. Nionje mimi. Asije mtu akasema mama yangu kasingizia."

Akachagua ile ya rangi mbili. Akaitia mdomoni nusu, akaitafuna kwa makini ya mtu anayehukumu. Tangawizi ikamfika, akafumba jicho moja. Neno lake moja lingeniua, maana yeye ndiye baba wa mtoto, na ulimi wake ushanitoa ndani ya ndoa mara moja.

"Haina pombe," akasema.

Alhamdulillahi! Bi Lila akapiga makofi. Wazee wakaanza kugaiana maganda, na hata Sheikh Matar akachukua la chenza.

Sleiman akalamba kidole. Akacheka. "Tena tamu, wallahi. Kwa jeli hii, jamani, mke wangu nimemrejea."

Wazee wakacheka. Bi Lila akacheka. Na mimi, mjinga, nikatabasamu.

Sheikh Matar peke yake hakucheka. Akaweka ganda siniani pole pole.

"Sleiman, umesema nini?"

"Nimetania, sheikh."

"Hili halina mzaha. Ndoa, talaka na kurejea, anayetania na anayekusudia ni mamoja. Umetamka mbele yangu na mbele ya hawa wawili. Kama eda yake haijaisha, huyu ni mkeo toka sasa hivi."

Nikamtazama Bi Thuwaiba. Nilitegemea atapiga ukelele. Mwanamke aliyeshinda siku nzima akinivua nguo, leo narudishwa kwa mwanawe mbele ya macho yake, si angeanguka?

Hakuanguka. Alikuwa akitengeneza mtandio wake.

"Basi alhamdulillahi," akasema kwa sauti laini ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mke karudi kwa mumewe. Hakuna tena haki ya kulea wala ya kushitakiana. Mtoto yuko chini ya baba yake. Sleiman, ile safari yetu ya Jumamosi iko pale pale. Khawla anakwenda na mimi."

Sleiman hakunyanyua macho. "Ndiyo, mama."

Ndiyo, mama! Hapo ndipo taa ikaniwakia. Huyu hakutania. Mama mtu angeninyang'anya mtoto kwa pombe, na pombe ikikosekana, mwana mtu ananirejea mbele ya mashahidi, na mimi nikiwa mke ndani ya nyumba nani atakayeingia kati ya mtu na mumewe? Wamenijia na milango miwili, nimekimbia mmoja nikaingia wa pili.

"Sleiman," nikasema, "nitazame."

Hakunitazama.

"Umenirejea kwa kunitaka, au kwa Maskati?"

"Mke wangu, usinivunjie heshima mbele ya watu."

"Heshima? Una heshima wewe? Umekula jeli yangu kwa mkono wa kulia na mtoto wangu kwa wa kushoto!"

"Mwanakheir," Sheikh Matar akaniita. Sauti yake haikuwa kali. "Tulia. Kuna jambo moja ambalo mimi silijui, na Sleiman halijui, na mama yake halijui. Unalijua wewe peke yako. Damu ya tatu umeiona, au hujaiona? Kama umeiona kabla hajatamka, hakukuta mke wa kumrejea. Wewe ni huru. Kama hujaiona, wewe ni mkewe."

"Unamuuliza yeye?" Bi Thuwaiba akaruka. "Si atasema atakalo!"

"Katika hili mwanamke ndiye anayesadikiwa," sheikh akasema. "Mwili ni wake."

Macho yote kwangu. Wazee wakatazama chini kwa haya. Bi Lila hakuielewa nusu ya maneno, lakini uso wangu aliuelewa, kashika fremu ya mlango.

Sasa nawaambieni nyinyi msomao, maana sina mwengine wa kumwambia. Sikuwa nimeiona. Tumbo lilikuwa linaniuma tangu asubuhi, kiuno kinanivuta, najua ilikuwa njiani, huenda ni ya usiku ule, huenda ni ya kesho. Lakini ilikuwa bado. Mbele ya Mola wangu, ilikuwa bado.

Nikamtazama Khawla. Kasimama kizingitini mwa ukumbi na mdomo wake mwekundu wa komamanga.

"Nimeiona, sheikh," nikasema. "Leo."

"Mwongo!" Bi Thuwaiba kasimama. "Adhuhuri kasali! Nimemsikia juu ya kichwa changu anasali! Mwenye damu husali?"

"Imekuja baada ya adhuhuri."

"Na asri?"

Asri nilikuwa nimeisali pia. Nimeisali darini, nyuma ya kamba ya nguo, kimya kimya, jeli zikiganda. Hakunisikia.

"Asri sikusali," nikasema.

Uwongo wa kwanza ulinitoka kwa tabu. Huu wa pili ulitoka wenyewe.

Sleiman sasa akanitazama. Mara ya kwanza tangu aingie. Sijui alikuwa na hasira au woga. "Mwanakheir, muogope Mungu."

"Wewe ulimuogopa ulipokuwa unalamba kidole?"

Sheikh Matar akanyanyuka. Kachoka, umri wote umemjia usoni. "Mimi nahukumu kwa ninachoambiwa. Kesho asubuhi ntarudi na msahafu, utaapa mbele yangu, halafu utachukua mwanao uende kwenu. Lakini nisikilize vizuri, binti yangu. Kama umesema kweli, umetoka. Kama hukusema kweli, wewe ni mke wa mtu, na kila mwanamme atakayekuja kukuposa huko Bububu utakuwa unamdanganya yeye na nafsi yako. Usiku huu ni wako. Fikiri."

Ulimi ulikuwa na ladha ya ndimu chungu.

Na adhana ya magharibi ikatoka. Msikiti wetu uko pembeni tu, sauti inaingia ukumbini kama mwadhini kakaa ndani.

Wanaume wakashuka, Sleiman wa mwisho. Bi Lila akaniminya mkono, akavuka kichochoro na sinia la jeli. Tukabaki watatu.

Siku zote Bi Thuwaiba husali chumbani kwake, kafunga mlango. Siku ile akaenda akautoa msala wake, akaja akautandika ukumbini, katikati ya zulia, mbele ya miguu yangu.

"Khawla," akaita. "Katie udhu, mjukuu wangu."

Mtoto akenda mbio. Akarudi na uso unatiririka maji, kajifunga kanga yake ndogo, na kifuani kakumbatia misala miwili. Wake na wangu. Kila magharibi husali na mimi, ubavu kwa ubavu, tangu ajue kusimama. Akautandika wangu, akaunyoosha pembe zote.

"Mama, njoo. Adhana imekwisha."

Bi Thuwaiba hakugeuka. "Mama yako leo hasali. Si ndiyo, Mwanakheir?"

Nilikuwa na udhu. Udhu wa asri, haujatenguka. Tangu nimebaleghe sijapata kuiacha magharibi na mimi twahara, si kwa ugonjwa, si kwa safari, si kwa msiba wa baba.

"Mama?" Khawla akaniita tena.

Nikaukunja msala wangu.

"Sali na bibi yako, mwanangu," nikamwambia.

Akasimama kuliani kwa bibi yake. Bi Thuwaiba akanyanyua mikono akatoa takbira, naye mwanangu akaifuatisha.